Hazina ya Bati

Nisogezeeni kiti,
niwape kisa cha bati
lililopakwa kwa dhati
dhahabu toka koponi.

Kazi yangu ni ulinzi
wa mapanga na mavazi
ya filamu ya mapenzi
na hazina ya majini.

Wageni toka Madridi
wakashuka kwa baridi,
na manyunyu yakizidi,
kwetu Vigo, bandarini.

Filamu yataka jua,
kwetu kila siku mvua;
minazi wakanunua
ya plastiki gulioni.

Nyota aliyesifika
alivua, akashuka;
wimbi dogo likacheka,
akakimbia garini.

Bibie naye kasema
nywele zake zina bima,
hawezi katu kuzama
zikafifia chumvini.

Wakatafutwa wawili
wa kuwakopesha mwili,
wazamiaji wa kweli,
tuwaone kisogoni.

Kwanza akaja Sabela,
hung'oa kome wa kula,
dakika nne hulala
bila hewa vilindini.

Wa pili, yule Braisi;
waliachana upesi,
wakapelekana kesi
kwa mota ya mashuani.

Mota, ndiyo, mota ile
ya petroli, ya kelele!
Kampa shemeji yule,
ikazama mkondoni.

Tangu hapo, bila cheko
hupishana kwenye soko,
yeye huku, yule huko,
macho yako dagaani.

Mwongozaji kaeleza:
"Mtazama, mtacheza
busu refu kwenye giza,
hapo kando, sandukuni."

"Yule? Bora kwangu ngisi!"
Naye akajibu kasi:
"Mwulizeni kwanza, basi,
kama ataka tufani."

Lakini pesa ni pesa,
na madeni yalitesa;
wakavaa vya anasa,
wakatumbukia ndani.

Na chini hakuna neno,
wala hakuna shindano,
ni macho tu na mikono
na viputo mdomoni.

Bwana akapaza: "Kata!
Kata, nimesema kata!"
Sauti haikupata
njia ya kufika chini.

Nikahesabu dakika:
moja, mbili, zikafika
tatu; nyota akashika
rozari yake shingoni.

Kamba nayo ikacheza;
fundo nililolikaza,
ama nililolegeza,
likafunguka majini.

Sanduku likaondoka,
mkondo ukalishika,
kwenye mwamba likaruka,
likapotea gizani.

Wakaibuka na hewa,
wakicheka kama chewa.
Mimi chozi, mwaelewa?
Sanduku ni la thamani.

Bati, ila la kukodi!
"Usilie, litarudi,"
wakaapa; kwa kusudi
walichelewa majini.

Siku ya kwanza ni buti,
ya pili, nanga na kiti,
ya tatu, kama bahati,
ile mota, mchangani!

Imeota mwani, chaza,
kutu imeshaimeza;
Braisi akaikweza
kwa Sabela, miguuni.

Alisema neno moja:
"Yatengenezeka, ngoja."
Naye akajibu hoja:
"Nimengoja, tangu lini!"

Na sanduku? La, subiri:
pweza mmoja jeuri
kaligeuza kasiri,
na sarafu mlangoni.

Zilihesabiwa mia,
moja haikutimia;
bosi akanitupia
macho; yangu yako chini.

Ilipoonyeshwa Vigo,
kelele, vifijo, zogo,
tukiona tu visogo
viwili vile majini.

Sura ni za wa Madridi,
busu ni letu, la jadi;
majina yetu, baidi,
herufi ndogo, mwishoni.

Sasa mota imepona,
hukohoa, hukazana,
nao bado hugombana
kwa zamu ya usukani.

Ile sarafu ya mia,
mkitaka kusikia:
mwoneni akipungia
Sabela, imo chandani.

Rangi imeshabanduka,
bati tu, limekunjika.
Nilisema, "Nitapaka
tena, kopo li nyumbani."

Akacheka, akasema,
"Iache hivyo, ni njema;
kilichowahi kuzama
hakipakwi asilani."

Na lile fundo la kamba?
Mie shahidi ni mwamba
na pweza, hana kutamba;
waulizeni majini.