Moja kwa Arubaini

Fundi Shekuwe alipanda darini kubadili boriti
iliyoliwa na mchwa, akanadi kutoka juu:
"Bwana Famau, huku kuna basi! Lina abiria, mende watatu.
Nilitupe?"
Nikasema lishushe. Nikasema polepole.

Bati la biskuti, kifuniko kimeshika kutu.
Ndani, basi langu la mlango mmoja,
miaka kumi na tisa likingoja wa pili.

Sikuwahi kuamua kuacha.
Binti yangu alibanwa na pumu, harufu ya rangi ikamzidishia,
nikaliweka juu, nikasema hadi apone.
Akapona. Akaolewa. Akazaa.
Nami nikawa mtu wa risiti na mihuri pale gatini,
vidole vikasahau bati likikunjwa hulia vipi.

Mji huu hauna barabara ya basi.
Una punda, una "simile! simile!",
una vichochoro ambamo wawili wakikutana
mmoja hugeuza ubavu ili mwenzake apite.
Basi la kwanza nililiona nina miaka kumi na moja,
ng'ambo, Mokowe, baba kanishika mkono;
nikauchomoa mkono nikaenda kulipima.
Shibiri hamsini na nane, taa ya mbele hadi ngazi ya nyuma.
Mlango, shibiri tano upana.
Utingo akanifukuza kabla sijafika kwenye kimo.
Ndiyo maana kimo cha basi hili ni cha kukisia,
na mpaka leo nakikisia.

Jana, baada ya isha, nikatandika gazeti.
Gundi imekauka, ngumu kama sandarusi.
Rangi ya samawati nikaitikisa, haikuitikia.
Msasa ndio uliosalimika.
Nikavaa miwani, nikavaa ya pili juu ya ile ya kwanza,
nikakata kopo la maziwa, nikakata na kidole.
Usukani upo bado: waya wa mduara, umezungushiwa
uzi wa kofia niliomwibia mama.
Magurudumu ni soli ya champali, yamepasuka kama visigino.
Kiti cha dereva kimelegea;
nikakisukuma kwa ncha ya sindano
na moyo ukanidunda, Mungu anisamehe,
kuliko siku niliyopewa barua ya kustaafu.

Kisha mlango.
Moja kwa arubaini, hesabu naikumbuka.
Lakini shibiri!
Nikaukunjua mkono wangu mezani,
kidole gumba huku, cha mwisho kule,
mkono mpana, wa mtu mwingine kabisa.
Mlango wa shibiri tano za mkono huu
angepita punda na shehena yake.

Asubuhi nikamwita Batuli, mwana wa binti yangu,
alitimiza kumi na moja mfungo sita.
"Lete mkono."
"Wa nini?"
"Wa kupimia."
Akautandaza juu ya rula, una hina ya harusi ya juzi,
sentimita kumi na saba na nusu.
Mara tano, gawa kwa arubaini.
Mbili na kitu. Nikaandika ukutani, karatasi iko mbali.

"Babu," akasema, "gari hili litapita ndia gani?"
Sikuwa na jibu. Nikampa msasa.

Alasiri mlango ukasimama, umeinama kidogo,
haujapakwa rangi, alama za vidole vya watu wawili.
Tukaliweka chini.
Sakafu ya nyumba hii ina mteremko
ambao marehemu babu yangu aliukana maisha yake yote.
Basi likaondoka lenyewe.
Likavuta kushoto, likapita chini ya kitanda,
likatokea upande wa pili na uzi wa buibui kwenye taa,
likaelekea mtungi wa maji.

Batuli akapiga ukelele, "Simile!"
Mtungi haukupisha.