Wa Kuamkiwa

Lowesha mikono kwanza, Alcide.
Mkono mkavu humvua samaki mara mbili:
humvua na ute,
na ute ndiyo nguo yake.

Usimning'inize kwa taya.
Babu yako alifanya hivyo, gatini Barataria.
Picha ingali jikoni, juu ya friji:
yeye anacheka, samaki kaachama.
Walimrudisha majini. Asubuhi
tulimkuta chali kwenye matete.
Hiyo haikupigwa picha.

Mkono mmoja shina la mkia,
mwingine chini ya tumbo, penye mayai.
Unamsikia anavyoguna?
Ngoma ndogo ndani ya mbavu.
Yeye ana miaka thelathini, wewe tisa:
huyu ni wa kuamkiwa.

Ndoana imetoka? Weka koleo.
Kichwa kielekee mkondo, anywe maji,
matamvua yafunguke.
Usimsukume.

Mama akanyamaza. Nikangoja.
Baridi ya Novemba ikanipanda hadi viwikoni,
vidole sivijui tena.
Ghafla mkia ukanichapa maji usoni,
lile doa jeusi likanikodolea,
likazama.

Mama alinipa taulo.
Simu ilibaki mfukoni mwake.
Usiku ule nilikataa sabuni.