Balbu ya Kumi na Saba

Ukiwa juu yake, si nyota.
Ni nguzo fupi za chuma zilizoliwa na kutu,
nyaya zinazotambaa kati ya mawe na dungusi,
balbu moja hapa, nyingine hatua sita mbele,
na harufu ya vumbi lililochomwa kutwa na jua la El Paso.
Baba alinionya siku ya kwanza niliyombebea ngazi:
"Huku usitafute nyota. Tafuta nyoka."

Waliichora ikiwa imerefuka, alisema,
miguu kama ya mtoto anayebalehe,
ili mteremko uipunje
na macho ya mjini yaipokee imenyooka.
Uongo uliopimwa kwa kamba, pembe tano.

Bondeni kuna miji miwili na mto mmoja,
mto usiofika magotini
unaozamisha watu kwa karatasi.
Ng'ambo, juu ya paa la matofali huko Juárez,
mama yangu Delfina alianua nguo usiku,
nguo zilizokauka tangu alasiri.
Jirani Herminia alimuuliza
kama shuka zake huiva kwa mbalamwezi.
Mama hakujibu. Alibana vibanio midomoni
akangoja saa tatu.

Saa tatu kamili, Evaristo Luján
alishika balbu ya kumi na saba, mkono wa kusini,
kwa glavu ya ngozi,
akaizungusha kushoto, nusu mzunguko.
Giza la ukubwa wa chungwa.
Akahesabu hadi kumi, akairudisha.
Ndiyo ilikuwa barua yake nzima:
nimekula, mgongo haujambo, Ijumaa nitavuka.
Mwezi ambao kodi ya nyumba haikutimia
alihesabu hadi ishirini.
Miji miwili ilitazama. Mtu mmoja aliona.

Nyota hukodishwa, labda hujui.
Ukilipa, huwashwa usiku kucha kwa jina ulitakalo:
maharusi, mhitimu, askari aliyerudi, marehemu.
Baba alipofariki
(mapafu, mwezi wa Machi, upepo wa mchanga)
ofisi ilitupa usiku mmoja bure, Jumamosi,
na cheti chenye jina lake, herufi moja imekosewa.
Nikampigia mama. Aliuliza neno moja tu:
"Itakuwa nzima?"
Nzima, mama. Zote zitawaka.
Akakaa kimya hadi nikadhani laini imekatika.
"Basi mimi sipandi darini."

Nilipanda mlima peke yangu na glavu yake,
kubwa kwangu, imetoboka kwenye gumba.
Chini, magari yalikuwa yakimiminika darajani
kama shanga zilizokatikiwa na uzi.
Saa tatu nikaizungusha kushoto.
Nikahesabu hadi kumi, mkono ukakataa.
Hadi ishirini.
Kutoka kule paa zote ni sawa,
huoni shuka, huoni mtu,
nami niliendelea kuhesabu kwa sauti, kama mwendawazimu,
hadi namba zikaniishia mahali fulani baada ya mia tatu
na kitu kikachakura kwenye mawe karibu na buti langu,
nikakumbuka nyoka,
nikairudisha.

Asubuhi msimamizi aliandika daftarini:
kumi na saba, kusini, imelegea.
Nikatia sahihi kwamba nimeikaza.

Kisha nikavuka daraja. Saa mbili na nusu za foleni.
Mama alikuwa akipasha maharage,
kisogo chake kwangu, redio imezimwa.
Juu ya kiti palikuwa na shuka zilizokunjwa
na vibanio vinne vya mbao juu yake.
Alinipakulia. Akasogeza chumvi.
"Umechelewa sana kuirudisha," akasema.
"Baba yako hakuwahi kuwa na deni kubwa hivyo."