Ngeli

Lilifika Jumanne juu ya guta,
limefungwa kamba kama godoro.
Mwendesha guta akauliza, "Friji, mama?"
Nikasema ndiyo.
Niliona haya kumwambia ni mfanyakazi.

Siku saba Nyamizi alilifundisha.
Alivaa glavu nyeusi zenye nyaya,
akapepeta mchele wa Kahama,
nalo likimkodolea vidole:
chenga huku, jiwe kule,
punje ya mpunga pembeni, ya kuku.
Akakamua deki. Akakunja shuka la pindo la mpira
ambalo mimi hunishinda mpaka leo.
Akaligongea mtungi wa gesi kwa kifundo cha kidole,
asikie, nalo lisikie,
zimebaki siku ngapi.
Siku ya nane nikampa nauli ya Nzega,
doti ya kanga,
na mshahara wa mwezi ambao hakuufanyia kazi.
Nilijiona mkarimu.

Sasa vyombo havilali kwenye sinki.
Ufagio wa chelewa umejiinamia nyuma ya mlango.
Nyamizi alikula ugali, hili linakula luku:
tarakimu ishirini, na Alhamisi linalia njaa.
Umeme ukikatika Segerea nzima
linasimama palepale, sufuria mkononi,
povu likikauka kwenye kiwiko,
nasi tunalipita na tochi, polepole,
kama tunavyompita mtu anayeswali.

Chaurembo, mume wangu, anatamba kwenye bao:
"Mke wangu nimempumzisha!"
Miaka kumi na minne ya ndoa,
hajui kikombe chake kinavyoteleza kikiwa na sabuni.

Usiku mmoja, saa tisa, bomba likakohoa.
Wenye nyumba za Dar wanakijua kikohozi hicho:
upepo kwanza, kisha kutu, kisha maji,
na usipowahi, mpaka wiki ijayo.
Nyamizi alikuwa akikisikia usingizini.
Kwenye zile siku saba maji hayakutoka,
kwa hiyo hili halikufunzwa.
Niliamka mwenyewe. Ndoo, madumu, beseni, hata birika.
Mishikio ilinikata viganja,
vimekuwa laini kama vya bibi harusi.
Lenyewe kwenye kona, taa ya kijani kifuani,
likichaji.

Asubuhi Kuruthumu anafunga viatu vya shule.
"Mama, Dada amechoka. Taa yake nyekundu."
"Siyo amechoka. Limeisha chaji."
"Amefua nguo zangu."
"Lime-fua. Roboti limefua, limepika, limefagia.
A- ni ya mtu, mwanangu."
Akavuta kamba, akapiga fundo,
wala hakuniangalia:
"Mbona wewe ulikuwa unasema,
lile lidada limeunguza maharage?"

Basi la shule likapiga honi.

Nikakaa jikoni, simu mkononi.
Nimetafuta N, nikapitia majina yote ya N,
mafundi, majirani, marehemu wawili.
Nikampata kwenye D:
Dada Kazi 3.
Nikapiga. Namba haipatikani.

Nyuma yangu linapepeta mchele wa mchana.
Chwa, chwa, chwa, kisha kimya kidogo,
kile kimya chake Nyamizi
alipokuwa akiinamia ungo kutafuta.
Kuku tuliwauza tangu Idi.
Hakuna aliyeliambia.
Dirishani kuna kifuniko cha kopo,
na ndani yake mpunga, punje za wiki nyingi,
zimepangwa.

Likanyoosha kidole, likaongeza moja.

"Ameiweka pembeni," nikasema kwa sauti,
peke yangu jikoni,
na sikuwa nalisema roboti.