Sababu za Kuomba

Bwana Afisa,
fomu yako imeacha mistari miwili tu
pale palipoandikwa *Eleza sababu*.
Hainitoshi. Nimegeuza karatasi.

Mimi Mwanarusi binti Shebwana, wa Mtongwe, mfuga kuku.
Vifaranga mia mbili na kumi na wawili
niliwatoa Kongowea katika maboksi ya matundu,
wakilia kama mvua juu ya bati.
Wamebaki mia moja arobaini na mmoja.
Wale wengine sikuwauza, wala hawakufa kwa kideri.
Wamo matumboni mwa kunguru.

Uliniuliza dirishani, mbele ya watu:
"Mama, risasi nane za nini? Mbili hazitoshi?"
Na yule kijana wa mihuri akacheka hata chai ikamwagika.

Haya, hesabu ya kunguru ni hii.
Ya kwanza haiui, inatangaza.
Wanaruka wote kutoka mwarobaini, uwanja unaingia kiza.
Ya pili inampata mmoja, mjinga wao.
Kisha mitutu miwili inakunjwa,
unapapasa mfukoni kama mtu aliyepoteza nauli,
na wao wamesharudi, wametua, wanakutazama.
Wanazijua sura. Wanalijua kombeo.
Shati la marehemu nililolitundika kuwatisha
wameligeuza tandiko la makinda yao.

Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.
Wahenga hawakufuga kuku Mtongwe.

Nilitega sumu: ikamuua paka wa Bi Mishi,
na hadi leo salamu yake ni ya nusu.
Nilifunga nyavu: panya wakazitafuna.
Niliomba dua. Dua siikanushi,
ila kunguru nao ni viumbe, huenda nao wana yao.

Shemeji yangu Mselem, aliyelinda ghala la kahawa,
ndiye aliyenitajia bunduki ya marisau,
ya kuvuta na kusukuma, nane tumboni.
Alinionyesha kwa mikono mitupu, jikoni, akipiga hewa.
Usiku ule nililala vizuri.
Hilo nalo niliandike? Naliandika.

Kisha nikafika swali la kumi na nne:
*Nyuma ya shabaha pana nini?*
Nikatoka nje na kalamu.
Nikanyosha mkono, nikafumba jicho moja.
Nyuma ya kunguru, tangi la maji la Bi Mishi.
Nyuma ya tangi, madirisha ya chuo,
watoto wanaimba alifu, be, te.
Nikahamisha mkono kushoto: nyaya za umeme,
na Kombo fundi juu ya paa la watu.
Kulia: kamba ya nguo, leso, na mwenye leso.
Juu hapakuwa na mtu.
Lakini marisau yaendayo juu yanashukia wapi?
Mtongwe haina mahali patupu, Bwana.
Hata mbingu yake ina wapangaji.

Nimekaa na swali hilo siku tatu.
Wamechukua wanne wengine.

Na kwa kuwa upande huu wa karatasi hauulizi kitu, nisema kweli:
si kuku tu.
Tangu afe Mbwarali, kila kipitacho uani kwangu
hupita kama njia ni yake,
wezi wa mabomba,
mpwa wake na zile karatasi za kiwanja,
kunguru.
Nilitaka siku moja nifungue mlango, kitu kiruke.

Fomu hii hapa. Swali la kumi na nne nimeliacha wazi.
Ada niliyolipa, kama inarudishwa,
itaninunulia waya wa vitundu, mita thelathini.
Kama hairudishwi, niambie mapema.

Na lile dirisha lako la nyuma lifunge.
Jana nikiwa kwenye foleni mmoja aliingia,
akabeba nusu ya hamri lako,
akageuka kunitazama.
Alinijua.