Kiini Kimekwenda Pembeni

Mama hurudi alfajiri kutoka kiwandani,
theluji ya Tsubame mabegani,
vidole vinanuka mayai elfu.
Usiku kucha kasimama penye mkanda,
sandwichi zinapita, zinapita,
yeye anaondoa zenye kasoro.

Leo nimemtangulia jikoni.
Mayai manne: matatu dakika kumi,
moja dakika saba, kiini kibaki kizito kama asali.
Nikayatia maji ya barafu, nikayamenya.
Matatu nikayaponda kwa uma,
mayonezi, chumvi, sukari chembe,
maziwa tone, kama afanyavyo Haruomi wa dukani.
Hapana, yeye hutia haradali.
Sikutia.

Mkate mweupe, mnene,
ukiubonyeza unarudi polepole
kama aliyeamshwa mapema.
Lile yai la nne nikalilaza katikati, zima,
nikafukia, nikafunika.
Na hapo ndipo penye mtihani:
kisu hakioni kiini kilipo.
Unakata kwa kukumbuka.

Kingo nilizila nimesimama.
Kisha nikapasua.

Mama akavua glavu, akainama
na jicho lake la kazini.
"Kiini kimekwenda pembeni.
Mkate umelala upande.
Hii, Mizuho, sandukuni haifiki."

Nikanyoosha mkono niiondoe.
Akanichapa kiganja, kofi la mzaha,
tayari mdomo umejaa.

"Miaka tisa nazitupa za hivi,"
akasema, kiini kikimchirizika kidevuni,
"sijaonja hata moja."

Akavuta sahani,
akachukua ile nusu nyingine,
iliyopinda zaidi.