Mali Bila Daftari

Kiwandani kwetu Darlaston, bolti na nati tangu enzi za moshi,
mfumo mpya uliingia Jumatatu moja ya Novemba
pamoja na Fraser, kijana wa Reading,
mwenye viatu visivyoijua grisi.
Akasema: ghala, mauzo, ununuzi, mishahara,
vyote vitakunywa kisima kimoja.
Akasema: ukweli utakuwa mmoja.
Tukapiga makofi. Kulikuwa na biskuti.

Mimi nikapewa kuhamisha.
Kadi elfu kumi na nne na ushee
kutoka mkebe wa Noreen Tranter hadi kwenye kioo.
Dukani kwa baba, Tanga, juu ya kaunta,
palipakwa kwa rangi ya buluu:
mali bila daftari hupotea bila habari.
Nikajiona mrithi.

Noreen ana miaka thelathini na mmoja ghalani.
Kadi zake husema kwa penseli:
Usimpe Hartshill mpaka alipe.
Sanduku hili lina kutu, anza na la nyuma.
Za Mnorwei. Amefariki. Ngoja mwanawe apige simu.
Mfumo unatoa nafasi ya maelezo, herufi chache.
Mnorwei nikamkatia kwenye "Amef".

Usiku wa kuhesabu tulibaki wanne, baridi wa tano.
Saa nane mstari mmoja ukawaka mwekundu:
parafujo za shaba, inchi mbili, kichwa mviringo.
Kadini mia tatu na kumi na mbili.
Rafuni mia mbili sitini na nne.
Chagua sababu, mfumo ukaniambia.
Zimeharibika. Zimeibiwa. Zimerudishwa.
Makosa ya kuhesabu.

Nikaweka kidole kwenye makosa,
nikidhani namstahi.

"Toa hapo," Noreen akasema.
"Sijakosea kuhesabu humu hata siku moja.
Weka zimeibiwa. Mwizi ni mimi."

Akavua glavu.
Sita za Ken wa tanuru.
Sita za mke wa Balbir.
Sita za kichanga cha yule msichana wa mapokezi,
ingawa jeneza lile lilitaka nne tu,
mbili akampa mama mtu azishike.
Akaendelea, kidole kwa kidole,
hata kwenye cha nane akasema "Roy", basi,
na glavu ikarudi mkononi.

Kampuni ilipeleka maua, alisema baadaye.
Maua hayashiki kifuniko.

Kioo kikazima kwa kukaa bila kuguswa.
Nikaingia upya, nywila, herufi kubwa, tarakimu,
nikafungua mteja mpya.
Jina: Marehemu Wetu,
kwa Kiswahili, mkaguzi asije akauliza.
Anwani: makaburini, ng'ambo ya reli.
Idadi: arobaini na nane.
Bei: sifuri.
Masharti ya malipo nikayaruka, mfumo ukagoma:
sehemu hii haiwezi kuachwa wazi.
Nikaweka siku thelathini.
Mstari ukageuka kijani.

Alfajiri Fraser akaipitia orodha,
akasema safi kabisa, hakuna tofauti hata moja.

Siutukani mfumo.
Nati haziishi tena ghafla siku ya lori,
na Ijumaa tunatoka saa kumi kweli.
Mnorwei naye mwanawe alipiga simu, Machi;
Noreen alijua sanduku lilipo
kabla sijamaliza kuandika jina.

Ila kila mwisho wa mwezi
printa hujiamsha yenyewe kabla hatujafika
na kutema karatasi moja:
Mpendwa Marehemu Wetu,
kumbukumbu zetu zinaonyesha unadaiwa
pauni sifuri na peni sifuri.
Tafadhali lipa bila kuchelewa.

Noreen huisoma yote, mpaka nambari ya simu ya chini,
huikunja mara mbili,
huitia mkebeni
zilimokuwa kadi.